Swichi isipomjua mpokeaji: iachwe imwage, ipunguzwe au ifungwe?

Nunua swichi yoyote pale Luthuli Avenue, ya poti 8 au ya poti 48, na utakuta jambo moja limeshaamuliwa kwa niaba yako. Fremu, yaani kifurushi kimoja cha data kwenye waya, ikiingia ikielekea kwa anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao ya kifaa) ambayo swichi haina habari nayo, haitupwi wala hairudishwi kwa aliyeituma. Swichi huitoa nakala na kuisukuma kwenye kila poti ya VLAN hiyo, yaani kundi la poti lililotengwa kama mtandao mmoja, isipokuwa ile iliyoingilia. Jambo hilo hapa nitaliita kumwaga. Katika ofisi nyingi za Nairobi hakuna sababu ya kuugusa uamuzi huo. Lakini ploti ya Pipeline, Zimmerman au Roysambu, ambako mtu mmoja anauzia intaneti nyumba sitini za watu wasiojuana, ni mtandao wa aina nyingine kabisa, na anayeusimamia ana njia kadhaa za kuchagua. Nimezilinganisha hapa, pamoja na zile ninazozichagua mimi na sababu zake.

Kwanza, swichi hujuaje nani yuko wapi? Husoma anwani ya mtumaji katika kila fremu inayoingia na kuiandika kwenye jedwali lake pamoja na namba ya poti. Anwani ya mpokeaji haiifundishi kitu; hiyo huitumia kutafuta tu. Kifaa kikikaa kimya kwa sekunde 300, ambazo ndizo muda wa kawaida katika kiwango cha IEEE 802.1D na katika swichi nyingi za sokoni, anwani yake hufutwa. Kwa hiyo kifaa kinachopokea sana bila kusema chochote huhesabiwa mgeni, hata kama kimefungwa ukutani pale pale tangu mwaka juzi. Stima ikipotea na kurudi, jedwali zima huanza tupu. Waya ukichomoka, anwani zote za poti hiyo hufutwa papo hapo. Na jedwali lenyewe lina kikomo: swichi ndogo nyingi hubeba anwani 8,000 hivi, na likishajaa, kila anwani mpya hubaki ngeni.

Usichanganye jambo hili na broadkasti, yaani fremu inayotumwa kwa wote kwa makusudi. Fremu ya broadkasti hufunguliwa na kila kompyuta na kuisumbua prosesa. Fremu iliyomwagwa ina anwani ya kifaa kimoja, kwa hiyo kadi ya mtandao ya kila asiyehusika huitupa kimyakimya. Ndiyo maana tatizo hujificha: ukiangalia kompyuta huoni mzigo wowote, ilhali waya umejaa pomoni.

Kuiacha imwage

Printa iliyolala, mashine ya kusajili wafanyakazi kwa alama ya kidole, kompyuta iliyozimwa inayosubiri kuamshwa kupitia mtandao: vifaa hivi vinaweza kukaa muda mrefu bila kutoa hata fremu moja. Umwagaji ndio unaovifikia. Fremu ya kwanza humwagwa, kifaa hujibu, jibu huifundisha swichi poti yake, na fremu ya pili huenda moja kwa moja. Katika ofisi ya watu thelathini hayo yote huisha kufumba na kufumbua. Ipo hata mifumo iliyojengwa juu ya umwagaji: Network Load Balancing ya Microsoft, inayogawia seva kadhaa kazi moja, ikiwa katika hali ya unicast (ya anwani mojamoja), huificha kwa makusudi anwani ya MAC ya kundi lake la seva ili swichi isiijue kamwe na kila seva ipate kila fremu. Ukiwafungia umwagaji seva hao, huduma imekufa.

Gharama ni mbili. Moja ni usiri: jirani anapata nakala za fremu zisizomhusu. Nyingine ni nafasi kwenye waya, na hiyo niliiona kwa karibu katika ofisi moja ya Upper Hill.

Simu za mezani zilikuwa zinakatakata sauti kila siku baada ya saa nne asubuhi. Ukiingia chumba cha vifaa, taa za swichi zote zilikuwa zinapepesa kwa mdundo mmoja, hata za poti ambazo wenyewe walikuwa hawajafika kazini. Nilichomeka laptop kwenye poti isiyotumika na kuwasha `tcpdump -e`, programu inayoonyesha fremu zinazopita. Fremu za baiti 1,514 zilitiririka bila kukoma, zote zikielekea kwa anwani moja ambayo haikuwa yangu wala ya broadkasti. Ilikuwa ya sanduku la kuhifadhia data lenye kadi mbili za mtandao, zote kwenye subneti moja. Data ya bekapu ilikuwa inaingilia kadi ya pili, na majibu yalikuwa yanatokea kadi ya kwanza. Anwani ya kadi ya pili ilikuwa haionekani popote kama mtumaji. Swichi kuu, ambayo ndiyo pia ilikuwa inaelekeza trafiki kati ya VLAN, ilikuwa ya Cisco, na kumbukumbu yake ya ARP (njia ya kuulizia anwani ya MAC ya mwenye IP fulani) hudumu saa 4 kwa kawaida ya kiwandani, yaani sekunde 14,400. Haikuwa na sababu ya kuuliza tena. Lakini kwenye jedwali la MAC anwani ile ilifutwa baada ya sekunde 300. Kuanzia dakika ya tano, bekapu ya karibu megabiti 300 kwa sekunde ilikuwa inamwagwa kwenye kila poti, na simu zenye poti za megabiti 100 zilizama.

Angalia sasa kama mtu angekimbilia kufunga umwagaji. Simu zingepona. Bekapu ingekufa, kwa sababu kitu pekee kilichokuwa kinaifikisha data kwenye sanduku lile ni huo umwagaji. Watu wengi hawalioni hili: umwagaji mwingi ni dalili, na wakati mwingine ndio unaoshikilia huduma isianguke.

Kulinganisha saa

Kwa hiyo ukiona umwagaji usiokoma, anza na saa, yaani muda wa kumbukumbu hizo mbili. ARP ya kifaa kinachoelekeza inapaswa kuisha kabla ya jedwali la MAC, ili kila ulizo jipya limfanye mwenye anwani ajibu na swichi imwone tena. Kwenye Cisco, unaweka `arp timeout 270` kwenye kiolesura cha VLAN. Njia nyingine ni kurefusha kumbukumbu ya swichi kwa `mac address-table aging-time 14400`.

Mimi huchagua ya kwanza. Wanaoiogopa husema maulizo ya ARP yatajaza mtandao, lakini piga hesabu: vifaa 200 vikiulizwa kila sekunde 270 ni chini ya ulizo moja kwa sekunde, na kila moja ni fremu ya baiti 64. Hata waya wa megabiti 10 usingehisi. Ya pili ina kasoro yake. Mtu akiichomoa laptop kwenye swichi ndogo ya mezani na kuipeleka chumba kingine, poti ya swichi kubwa haikuzimika, kwa hiyo anwani huendelea kuelekezwa kule alikotoka mpaka kifaa kiseme kitu upande mpya. Laptop husema upesi. Kifaa kimya kinaweza kukaa gizani kwa muda wa saa 4.

Wanaotumia RouterOS, mfumo wa ruta za MikroTik, hawana haja ya hofu hii mara nyingi, kwani ARP yake kwa kawaida hudumu sekunde 30 na daraja (bridge, sehemu yake inayofanya kazi ya swichi) hukumbuka dakika 5. Saa zao zimeshalingana.

Kuna chanzo kingine cha umwagaji ambacho saa hizo haziponyi, nacho ni spanning tree, utaratibu wa swichi wa kuzuia vitanzi. Poti isiyotambulishwa kuwa ya mwisho, yaani isiyo na PortFast au mpangilio kama huo, ikiwaka huhesabiwa kuwa umbo la mtandao limebadilika. Katika spanning tree ya zamani muda wa kumbukumbu hushushwa hadi sekunde 15. Katika RSTP, toleo lake jipya, anwani hufutwa mara moja, na habari hiyo husambaa kwa swichi zote za mti huo. Kwenye ploti, wapangaji huzima ruta zao wakienda kazini na kuziwasha jioni. Bila kuzitambulisha poti zao, kila anayewasha anawafutia jedwali majirani wote. Hilo lirekebishe leo, chochote utakachochagua baadaye.

Kupunguza

Swichi nyingi zinazosanidiwa zina kidhibiti cha dhoruba: unataja kiwango, na kinachozidi hutupwa. Mimi hukiweka nyuma ya njia nyingine zote katika suala la anwani ngeni, kwa sababu hutupa bila kuchagua. Fremu ya printa inayoamshwa na fremu ya mafuriko ya bekapu, kwake ni sawa. Halafu si swichi zote zinazohesabu kitu kimoja. Katika swichi kadhaa za Catalyst za Cisco, `storm-control unicast` huhesabu trafiki yote ya anwani mojamoja, inayojulikana na isiyojulikana, kwa hiyo ukiweka asilimia 5 umemnyonga mteja anayepakua faili halali. Kwenye swichi za CRS3xx za MikroTik unaweza kuzilenga zile ngeni peke yake kwa `limit-unknown-unicasts=yes` pamoja na `storm-rate`. Soma mwongozo wa modeli yako kabla ya kuweka namba.

Kidhibiti hiki kina kazi yake: mpangaji akiunganisha soketi mbili za ukutani kwa waya mmoja na kuzaa kitanzi, ndicho kitakachowaokoa wengine mpaka ufike. Kiweke kwa ajili hiyo, hasa upande wa broadkasti, na usikitegemee kwa zaidi.

Kufunga

Hapa ndipo penye uzito kwa wenye ploti. Amri zenyewe ni fupi. Cisco: `switchport block unicast` kwenye poti. MikroTik: `unknown-unicast-flood=no` kwenye poti ya daraja. Linux: `bridge link set dev eth2 flood off`. Zote tatu huzuia kinachotoka kwenye poti hiyo kwenda kwa mteja; anachotuma mteja hazikigusi. Ukilielewa hilo, unajua pa kuweka: poti za wapangaji zote, na kamwe si poti ya kupandia kwa ruta. Ukiifunga na hiyo, fremu ngeni hazina pa kwenda na utahangaika usiku kucha.

Je, mpangaji hatakosa trafiki yake? Kwa kawaida hakosi. Ruta isipomjua huuliza kwa ARP, ARP ni broadkasti, na broadkasti haikufungwa. Kifaa chake hujibu, swichi inamwona, na trafiki inayofuata ina poti. Shida huja tu pale ambapo ruta inakumbuka na swichi imesahau, yaani zile saa tulizozilinganisha. Ndiyo maana nasisitiza utaratibu: saa kwanza, kufunga baadaye.

Faida kubwa ya kufunga ni kwa mpangaji anayetaka kusikiliza majirani. Kuna programu ya miaka mingi iitwayo macof, inayotuma fremu zenye anwani za uongo kwa maelfu mpaka jedwali lijae. Swichi ikishajaa huanza kumwaga trafiki ya wengine, na mwenye macof hukaa anaikusanya. Poti yake ikiwa imefungwa, hapati kitu. Lakini tazama upande wa pili: jedwali likiwa limejaa, na majirani nao poti zao zimefungwa, hao majirani hawatapata trafiki yao pia. Umemzuia mpelelezi na kuwakatia wengine intaneti. Kwa hiyo kufunga bila kuweka kikomo cha anwani kwa kila poti ni kazi nusu. Nyumba yenye ruta yake inahitaji anwani moja. Ukiruhusu tatu umempa nafasi ya kubadilisha ruta bila kukupigia simu, na macof imekwisha nguvu.

Na usidhani kwamba kwa kuwa tovuti nyingi sasa zimesimbwa kwa HTTPS basi hakuna cha kuonekana. Anwani za IP zinazotembelewa, maulizo ya DNS (ya kutafuta IP ya jina la tovuti) yasiyosimbwa, picha za kamera za bei rahisi, vyote hupita wazi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mtu anayeuza intaneti kwa watu sitini anabeba siri za watu sitini.

Wapo wanaouliza kama kutenganisha poti peke yake hakutoshi: `switchport protected` kwa Cisco, `horizon` kwa MikroTik, `isolated on` kwa Linux. Kazi zao ni tofauti na zinahitajiana. Kutenganisha hukata kila kitu kati ya mpangaji na mpangaji, kinachojulikana na kisichojulikana, hata broadkasti. Hakugusi kinachoshuka kutoka kwa ruta. Fremu ngeni ikitoka juu, itamwagwa kwa wapangaji wote waliotenganishwa vizuri. Kufunga hukata hiyo ya juu. Kwa ploti nachagua vyote viwili, na kama fedha inatosha kwa kimoja tu kwa sababu swichi yako haina kingine, anza na kutenganisha. Angalia pia kwamba utengano wa `protected` huishia ndani ya swichi moja. Ploti yenye swichi kila ghorofa huhitaji poti zinazokwenda kwenye ghorofa zitenganishwe vilevile kwenye swichi ya chini.

Swichi isiyosanidiwa haina lolote kati ya haya. Kuiweka chumbani kwa mtu mmoja sawa, lakini kuigawia ghorofa nzima ni kosa la kununua ambalo hakuna amri inayolirekebisha.

Wenye kesi nzito zaidi ni sehemu za kubadilishana trafiki, kama KIXP hapa Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kufunguliwa tena 2002. Katika sehemu za namna hiyo, ruta za makampuni hukutana kwenye mtandao mmoja wa swichi. Chukua mwanachama mmoja waya wake ukakatika. Swichi inafuta anwani yake sekunde hiyo hiyo. Lakini wenzake waliopata njia zake kupitia seva ya njia, ile inayowasambazia wanachama wote njia za wenzao, hawajui. Kwa muda wa kawaida wa BGP, lugha ambayo ruta hizo hupashana njia, katika ruta za Cisco kimya kinahitaji sekunde 180 kabla ya kuhesabiwa kifo. Kwa dakika hizo tatu kila mmoja anaendelea kutuma, na swichi ingemwaga yote kwa wanachama wote, wakiwemo wenye poti ndogo. Huko kufunga ni lazima, tena hakuna hasara, kwa sababu kila poti kwa desturi huruhusiwa anwani moja na ruta za BGP hazikai kimya: hupeana salamu kila sekunde 60, chini kabisa ya zile 300.

Anwani za kudumu, na mengine

Kifaa kimya kilicho nyuma ya poti iliyofungwa kiandikie anwani ya kudumu: `mac address-table static` kwa Cisco, au ingizo la kudumu kwenye jedwali la daraja la MikroTik, jambo ambalo MikroTik wenyewe hulipendekeza pale umwagaji unapofungwa. Ingizo hilo halizeeki wala halifutwi waya ukichomoka. Ubaya wake ni wa kibinadamu. Kamera ikiharibika, fundi mwingine akiweka mpya, picha haiji na yeye anabadilisha waya mchana kutwa. Ziandike anwani hizo kwenye karatasi ndani ya mlango wa kabati la vifaa. Zisizidi kumi kwa ploti moja; zikizidi, hivyo vifaa viwekwe kwenye VLAN yao ambayo umwagaji umeachwa.

Viungo vya redio vya juu ya paa ni suala jingine. Redio mbili zikiunganishwa kama daraja kati ya majengo, kila fremu iliyomwagwa inavuka hewani pia, na kiungo cha megabiti 80 hakiwezi kubeba mafuriko ya waya wa gigabiti. Usihangaike na kufunga hapo, maana nyuma ya redio kuna anwani nyingi usizozidhibiti. Weka ruta upande wa pili na uelekeze kwa IP. Umwagaji utaishia kwenye ukingo wa jengo.

Katika vituo vikubwa vya data kuna EVPN, iliyowekwa katika hati ya kiwango RFC 7432 ya mwaka 2015, ambamo swichi huambiana anwani za MAC kwa BGP badala ya kungoja kuziona. Huko umwagaji unaweza kuzimwa bila wasiwasi mkubwa. Kwa ploti ni gharama isiyo na maana.

Basi kama una ofisi: acha imwage, linganisha saa, tambulisha poti za mwisho. Kama una ploti: fanya hayo, kisha tenganisha, weka kikomo cha anwani tatu, funga umwagaji kwa wapangaji. Ukimaliza kufunga, usiondoke kabla ya jaribio moja. Ngoja watu wapungue, usiguse ARP ya ruta, futa jedwali la swichi kwa `clear mac address-table dynamic`, halafu kutoka kwenye ruta ipigie ping kila kamera, kila mashine ya geti na kila printa, ukirudia mara mbili tatu kwa dakika mbili. Vinavyoongea vitajirudisha vyenyewe kwenye jedwali. Kisichojibu mpaka mwisho wa dakika hizo, hicho ndicho cha kuandikiwa anwani ya kudumu kabla hujafunga kabati.